Masta ya uhandisi jioni, na tasnifu inayokwamisha wengi

SWALI

Salaam kwenu, kaka na dada wa safu hii.

Mimi ni mhandisi ujenzi, nina miaka 30. Naishi Kimara Temboni na nafanya kazi kwa mkandarasi ambaye saiti yake kwa sasa iko Kigamboni. Nilihitimu shahada ya kwanza mwaka 2020 kwa GPA ya 3.4, kwa hiyo nina miaka mitano kazini. Nina mume na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mkopo wa Bodi ya Mikopo bado unakatwa kwenye mshahara.

Nataka kusoma shahada ya uzamili, ile ya kukaa darasani na kumalizia na tasnifu, siyo ya utafiti mtupu. Nia yangu ni kutoka saiti niingie ofisi ya usanifu wa miundo. Bosi wangu anasema miundo haina hela, nichukue usimamizi wa uhandisi. Mjomba naye anasema masta ya darasani ni nusu masta, bora niende Ujerumani ambako hakuna ada. Na kwenye shahada ya kwanza nilipata C mbili, zote za miundo.

Linalonitisha zaidi ni hili: ofisini kwetu kuna wawili walimaliza masomo yote ya darasani mwaka 2021 na mpaka leo hawajahitimu. Tasnifu imewakalia shingoni. Mmoja hata simu za msimamizi wake hapokei tena. Sitaki kulipa ada ya miaka miwili kisha niwe wa tatu.

Mwisho, kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi bado mimi ni Mhandisi Mhitimu, kitabu cha mafunzo nimekijaza nusu. Masta itanifikisha kuwa Mhandisi Mtaalam? Naombeni ushauri wa kina.

Mhandisi wa Temboni

JIBU

Dada yetu wa Temboni,

Tuanze na hao wawili wa ofisini kwenu, maana hofu yako iko mahali pake. Darasani mtu husukumwa: kuna kipindi, kuna jaribio, kuna tarehe ya mtihani iliyobandikwa ubaoni. Tasnifu haina kengele. Masomo yakiisha, mwanafunzi wa jioni anarudi saiti, msimamizi anarudi kwa wanafunzi wake wengine, na hakuna anayemtafuta mwenzake. Wengi hufika hapo hawana mada. Wanaanza kuitafuta mwezi ambao walipaswa kuwa maabara, na wanayoipata inadai vipimo ambavyo hawana pa kuvifanyia wala pesa ya kuvilipia. Kwa hiyo ushauri wetu mkubwa ni huu, na mengine yote yanaufuata: tafuta data ya tasnifu kabla hujajaza fomu ya chuo. Jina la mada linaweza kusubiri. Kisichoweza kusubiri ni kujua data itatoka wapi, ni vipimo vingapi, nani mwenye ruhusa ya kukupa, na itachukua siku ngapi.

Tuchukue mada inayopendwa sana na wanafunzi wa miundo: kupunguza saruji kwenye zege na kuweka majivu ya pumba za mpunga. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa ihesabu. Viwango vitano vya majivu, yaani asilimia 0, 5, 10, 15 na 20. Siku za kuvunja vipande vya zege ili kupima nguvu ziwe tatu, ya 7, ya 28 na ya 90, kwa sababu majivu hufanya kazi polepole na siku ya 28 peke yake haitakuonyesha faida yake yote. Kyubu, yaani vipande vya zege vyenye pande sita sawa, ziwe tatu kwa kila siku ya kuvunja. Hizo ni 5 × 3 × 3, kyubu 45 za milimita 150. Kila moja ina mita za ujazo 0.003375 na uzito wa kilo 8 hivi, kwa hiyo jumla ni zege la kilo 365. Ukiongeza asilimia 20 ya upotevu unahitaji kama mita za ujazo 0.18. Kwa mchanganyiko wa kilo 350 za saruji kwa mita moja ya ujazo, hiyo ni kilo 64, mifuko miwili tu. Saruji haitakukwamisha. Moldi, yaani vyombo vya kumwagia kyubu, ndizo zitakazokukwamisha.

Mchanganyiko mmoja unataka kyubu 9. Maabara ikiweza kukuachia moldi 9, unamwaga mchanganyiko mmoja kwa siku, asubuhi yake unafungua, unasafisha, unapaka mafuta, unamwaga unaofuata. Siku tano za kumwaga zinatosha. Wakikupa moldi 6, mchanganyiko mmoja unaugawa siku mbili, na hapo unalinganisha bechi mbili ukidhani unalinganisha siku za kuvunja. Mchanga wa siku hizo mbili haukosi kutofautiana unyevu, hasa wakati wa masika. Kilo 700 za mchanga zenye unyevu wa asilimia 5 hubeba lita 35 za maji ambazo hukuzipima. Kama ulipanga lita 180 za maji kwa kilo 350 za saruji, uwiano wako wa maji kwa saruji ulikuwa 0.51, lita hizo 35 zikiingia unapanda hadi 0.61, ukiacha kiasi kidogo ambacho mchanga wenyewe hukinyonya. Tofauti hiyo peke yake inaweza kumeza kabisa athari ya majivu unayoitafuta. Wapo waliofika mbele ya watahini na grafu inayopanda na kushuka kama mabonde wakashindwa kueleza kwa nini, na sababu ilikuwa mchanga. Anika mchanga wote wa utafiti kwa pamoja, uufunike, upime unyevu kila asubuhi kwa kukausha sampuli, na hayo maji uyatoe kwenye maji ya kuchanganyia.

Majivu nayo yana mambo yake. Pumba zikichomwa ovyo kwenye pipa hutoa majivu meusi yenye kaboni nyingi. Zikichomwa kwa moto mkali kupita kiasi, silika iliyomo hugeuka fuwele na kupoteza uwezo wa kuungana na chokaa inayotolewa na saruji. Unahitaji tanuru la kudhibiti joto kwenye nyuzi 600 hadi 700 hivi, na ujue mapema kama chuo kinalo na kama lina foleni. Halafu kalenda: mchanganyiko wa majaribio na kusubiri siku 28, wiki moja ya kumwaga, siku 90 majini. Hizo ni siku 125 kabla hujaandika sentensi moja ya matokeo, na siku 90 hazina njia ya mkato. Anayeanza mwezi wa pili wa muhula wa mwisho ameshachelewa, hata awe hodari vipi.

Kwako wewe tunaona njia nyingine inafaa zaidi. Uko saiti, na saiti yako inavunja kyubu kila wiki. Matokeo hayo ni data. Swali linaweza kuwa, kwa mfano, kama nguvu ya siku ya 7 inatabiri ya siku ya 28 kwa uhakika gani kwenye zege la kokoto za Lugoba na saruji zinazouzwa Dar es Salaam, na kama masika yanaubadilisha utabiri huo. Mkandarasi anayejua jibu anaweza kuamua mapema kama aendelee kupandisha ghorofa au asubiri. Swali la namna hiyo linatosha tasnifu ya uzamili, na vipimo vyake vimeshalipiwa na mradi.

Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ruhusa. Matokeo yanakuwa kwenye faili la mkandarasi, lakini kazi ni ya mteja na anayeisimamia ni mhandisi mshauri. Omba barua inayosema wazi kuwa unaweza kutumia data bila kutaja jina la mradi, na uipate sasa, wakati wahusika bado wako saiti. Mradi ukikabidhiwa, watu wanatawanyika na wa kukusainia humpati. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani: faili la saiti aghalabu lina kyubu zilizopita tu. Zilizofeli zilirudiwa na karatasi zake hazimo. Ukichambua faili hilo utapata zege zuri kuliko lililomwagwa. Nenda kwenye daftari la maabara yenyewe, ambako kila kyubu iliyopokelewa huandikwa, na ulinganishe namba moja baada ya nyingine.

Kuanzia kesho ongeza pia vitu viwili kwenye fomu yenu ya kumwaga: joto la zege linapofika, na uzito wa kila kyubu kabla ya kuvunjwa. Uzito ni shahidi mzuri. Kyubu ya milimita 150 yenye kilo 8.1 ni kilo 2,400 kwa mita ya ujazo; ukikuta ya kilo 7.6, hiyo ni kama 2,250, maana yake haikushindiliwa vizuri, na matokeo yake dhaifu yanazungumzia fundi aliyejaza moldi kuliko zege lililoko kwenye nguzo. Mzani upo, kyubu iko mkononi, ni dakika moja. Ukifanya hivyo miezi sita kabla ya kuanza chuo utaingia darasani na data ambayo wenzako hawataipata hata kwa kulipia.

Ukishajua data iko wapi, andika ukurasa mmoja tu: swali, data, njia ya kuichambua, ratiba. Tazama walimu wa idara unayoitaka, nani anaandika makala za zege au miundo, umtumie ukurasa huo kwa baruapepe na umuulize mambo mawili: kama angekubali kusimamia kazi ya namna hiyo, na kwa sasa ana wanafunzi wangapi. Asipojibu kwa wiki mbili mwandikie mwingine. Mwenye wanafunzi kumi na watano anaweza kuwa bingwa na bado usimwone mwezi mzima.

Ukiwa ndani ya chuo, kila kazi ya muhula inayokupa uhuru wa kuchagua mada, ielekeze kwenye zege lako. Mpaka masomo yaishe sura ya mapitio ya maandiko itakuwa nusu imeandikwa. Pendekezo la utafiti lipeleke idarani kabla ya mitihani ya mwisho. Kubaliana na msimamizi siku maalumu, mathalani kila Alhamisi ya pili, na usiende mikono mitupu hata kama una kurasa tatu zenye makosa. Mwanafunzi anayesubiri sura ikamilike ndipo aonane na msimamizi ndiye yule anayeishia kukwepa simu, kwa aibu tu. Na ujue kuwa tasnifu ikikamilika bado ina safari: notisi ya kusudio la kuwasilisha, ukaguzi wa unakili, watahini wa ndani na wa nje, mara nyingi utetezi wa mdomo, marekebisho, kisha nakala za mwisho. Wanaosahau notisi hukaa na tasnifu iliyomalizika mezani huku tarehe ya mahafali ikipita. Mwenzako anayekwepa simu, kama bado yuko ndani ya muda wa usajili, mwambie aende idarani wiki hii. Mara nyingi kuna namna ya kuomba nyongeza ya muda. Muda ukishapita kabisa ndipo mambo huwa magumu.

Sasa saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,800. Ukisoma miaka miwili na kutoa wiki 14 za likizo, maradhi na misiba, unabaki na wiki 90, yaani saa 20 kwa wiki. Jioni tatu za saa tatu zinakupa 9. Zinabaki 11, na hapo bado hatujagusa foleni. Kutoka saiti Kigamboni hadi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Ubungo na mwendokasi kurudi Kimara, halafu daladala hadi Temboni, siku tatu za wiki ukiwa na mtoto mdogo: hili ndilo linaloangusha watu muhula wa kwanza, kabla hata ya hesabu ngumu. Ushauri wetu ni uombe mwajiri akuhamishie upande wa zabuni na vipimo ofisini, au saiti ya upande wa Ubungo, kwa ile miaka ya darasani. Mzungumze na mumeo, mpange nani anamlaza mtoto siku zipi, kwa majina ya siku, kabla ya kulipa ada. Jumamosi saa sita za asubuhi maktaba, si nyumbani. Hizo zikikaa sawa, zinabaki tano za kuokoteza wiki nzima.

Mwajiri umwandikie barua, naye akujibu kwa barua. Hatari kwa mtu wa mkandarasi ni kuhamishiwa mradi wa Kigoma au Mtwara katikati ya muhula. Barua iseme utakuwa Dar es Salaam mpaka masomo ya darasani yaishe na utapewa siku za mitihani. Akitaka akulipie ada, soma mkataba wa kumtumikia baadaye: ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha zote au kwa kadiri ya muda uliobaki. Likitokea la kutokea ukalazimika kusimama, omba kuahirisha masomo kabla hujaacha kuhudhuria. Anayetoweka kwanza na kuomba baadaye huwa ameshaandikiwa kufeli masomo yote ya muhula ule.

Kuhusu pesa tunalo moja la kusisitiza. Kila mtu huuliza ada ya mwaka. Wewe uliza pia ada ya muhula wa nyongeza, maana hiyo ndiyo wanayolipa hao wawili. Makato ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hayasimami kwa sababu umerudi shule ukiwa kazini. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,400,000 ameshatoa 210,000 kabla ya kodi ya nyumba. Fanya bajeti kwa kinachobaki mkononi.

C zako mbili. GPA ya 3.4 ni daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7, na kwa kawaida mlango wa uzamili huanzia hapo, kwa hiyo kuingia si tatizo kubwa. Tatizo ni kubaki. Kwenye uzamili B ndiyo pasi. C iliyokuvusha shahada ya kwanza huku inakuletea sapu (mtihani wa marudio), na sapu zikirundikana mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Kwa hiyo jipime kabla. Chukua jengo la ghorofa mbili lililorahisishwa: kila ghorofa ina uzito m, na nguzo za kila ghorofa zina ukakamavu wa mlalo k. Andika matrisi ya ukakamavu, utafute kwa mkono masafa asilia mawili. Matrisi ni mstari wa kwanza 2k na −k, wa pili −k na k. Masafa yatoke 0.618 na 1.618, kila moja mara kipeuo cha pili cha k/m. Ukifika hapo peke yako ndani ya saa moja, uko tayari kwa dainamiki ya miundo. Ukikwama kwenye kuunda matrisi, rudia uchanganuzi wa miundo wa mwaka wa pili na wa tatu. Ukikwama kwenye kutafuta mizizi, rudia aljebra ya matrisi na milinganyo tofautishi. Wiki nane za saa tano kila wiki zinatosha kufuta kutu, mradi ukae na kalamu na karatasi. Video peke yake inakupa hisia ya kuelewa, halafu mtihani unakukuta mtupu. Ongeza takwimu: urejeshi wa mstari, mkengeuko sanifu, upimaji wa dhana. Hiyo utaihitaji kwa kyubu zako, na wahandisi ujenzi wengi wameisahau kabisa.

Bosi wako hajakosea kwa upande wake. Usimamizi wa uhandisi unamfaa mtu ambaye tayari anaandika madai ya kuongezewa muda, anabishana juu ya vipengele vya mkataba wa FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi), anapanga fedha za mradi. Shahada hiyo inampa lugha na mbinu za kazi anayoifanya. Lakini wewe umesema unataka usanifu, na ofisi ya usanifu haitakupa boriti ya kupiga hesabu kwa sababu umesoma usimamizi. Chukua miundo. Usimamizi unaweza kuja baadaye kwa kozi fupi. Kinyume chake ni vigumu, kwa sababu hesabu hazingoji mtu afike miaka arobaini. Unapochagua programu, soma orodha ya masomo, usiishie kwenye jina. Tafuta njia ya elementi kikomo, dainamiki, zege ya hali ya juu na zege iliyokazwa kabla, misingi. Uliza ni masomo gani ya hiari yalifundishwa kweli mwaka uliopita, maana kitabu cha programu kinaweza kuorodhesha somo ambalo mwalimu wake yuko masomoni. Hakikisha pia programu yenyewe ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, kwa jina lake kamili. Chuo kutambulika peke yake hakutoshi.

Kwa mjomba, mpe heshima yake, lakini nusu masta hakuna. Programu ya darasani na tasnifu na ile ya utafiti mtupu zote ni ngazi ya tisa kwenye mfumo wa sifa wa vyuo vikuu vyetu. Tofauti inakuja baadaye. Nje kuna shahada za uzamili za darasani tupu, hasa Marekani na Australia, ambazo hazina tasnifu kabisa au zina mradi mdogo. Hizo ni halali kwa anayetaka kazi, ila ukija kutaka uzamivu utaulizwa umefanya utafiti gani. Yenye tasnifu inakuachia mlango huo wazi. Na shahada yoyote ya nje, ikiwemo ya mtandaoni, itabidi itambuliwe na Tume. Kabla ya kulipa hata senti, angalia kama chuo hicho kinatambuliwa na mamlaka ya ithibati ya nchi yake, maana kisipotambuliwa kwao hata huku hakitapita.

Ujerumani tusikufiche. Vyuo vingi vya umma havina ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na bado unahitaji fedha za kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa (unayotoa kidogo kidogo kila mwezi) ili upate viza, euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichoanza mwaka 2024. GPA yako nayo hubadilishwa: chukua 5.0 utoe GPA yako, ugawe kwa 3.0, ambayo ni tofauti ya alama ya juu 5.0 na pasi ya 2.0, uzidishe kwa 3, ujumlishe 1. Kwa 3.4 unapata 2.6, na programu nyingi hukata kwenye 2.5. Mwenye 3.5 angepita, wewe umekosa kwa nukta moja, na maombi ya namna hii hukataliwa bila mtu kusoma barua yako nzuri. Tafuta programu zisizo na kikomo hicho au zinazohesabu uzoefu wa kazi. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, kwa programu za maendeleo hudai angalau miaka miwili ya kazi, ambayo unayo, na kwa kawaida hutaka shahada isiyozidi miaka sita. Umehitimu 2020, kwa hiyo ukiitaka njia hiyo omba katika dirisha linalofuata. Kuomba huko na kuomba Mlimani kwa wakati mmoja hakuna ubaya.

Suala la Bodi ya Wahandisi: hapana, masta haikufanyi Mhandisi Mtaalam. Bodi inataka shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambulika, miaka mitatu ya mafunzo kazini chini ya usimamizi, ripoti na usaili. Usitegemee tasnifu ihesabiwe kuwa mafunzo hayo. Una miaka mitano saiti na kitabu kilichojaa nusu, na tatizo la kitabu kilichochelewa ni kwamba mhandisi aliyekusimamia 2021 huenda ameshahama. Mtafute sasa, akusainie kurasa zake akiwa bado anazikumbuka kazi zenyewe, na ripoti uimalize kabla ya muhula wa kwanza. Ukijaribu kuandika ripoti ya Bodi na pendekezo la utafiti mwezi mmoja, vyote viwili vitachechemea. Kwenye ofisi ya usanifu unayoitaka, usajili huo utakuwa na uzito kuliko shahada mpya, kwa sababu ndio unaokupa haki ya kuweka jina lako kwenye michoro.

Bado vyeti. Weka mezani cheti cha kidato cha nne, cha sita, shahada, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, usome majina herufi kwa herufi. Kwa wanawake walioolewa mara nyingi kimoja kina jina la mume na kingine la baba. Chuo, Tume na ubalozi watalisimamisha faili lako kwa hilo tu, na marekebisho ya majina hayaendi kwa haraka yako. Hilo lianze Jumatatu, kabla hata ya barua ya bosi, kwa sababu likishaingia kwenye ofisi za watu huna la kufanya ila kusubiri, na muda huo wa kusubiri ndio wa kukaa na matrisi na kupima kyubu.